Upatikanaji wa dawa za UKIMWI katika bonde la Kilombero

Upatikanaji wa dawa za UKIMWI katika bonde la Kilombero unahusu jinsi wakazi wa mji wa Ifakara na vijiji vya jirani, kama vile Michenga, katika mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, walivyoanza kupata dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI (kifupi: ARV) katika miaka ya 2000. Dawa hizo hutolewa bila malipo, lakini kumfikishia mgonjwa kunadai pia fedha za umma, kliniki, maabara na usafiri.

Kushuka kwa bei

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kuanzia mwaka 1996 mchanganyiko wa dawa tatu uliwawezesha wagonjwa wa nchi tajiri kuishi miaka mingi. Hata hivyo, bei yake ilikuwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa mpunga wa Kilombero hakuweza kukilipa.

Februari 2001 kampuni ya Cipla ya Uhindi ilijitolea kuliuzia shirika la Médecins Sans Frontières mchanganyiko huo kwa dola 350 kwa mwaka. Hilo liliwezekana kwa sababu sheria ya Uhindi ya wakati huo haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, bali kwa njia ya kuitengeneza tu. Novemba 2001 nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana katika Tamko la Doha kwamba kanuni za hataza zisizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, ziliruhusiwa kutotoa hataza za dawa hadi mwaka 2016, na baadaye muda huo uliongezwa hadi mwaka 2033.

Matibabu Ifakara

Serikali ya Tanzania ilianza kutoa ARV bure Oktoba 2004, ikisaidiwa na wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria na mpango wa Marekani uitwao PEPFAR. Dawa husambazwa na Bohari ya Dawa (MSD).

Wakati huohuo kliniki ya magonjwa sugu ilianzishwa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, kwa ushirikiano na Taasisi ya Afya Ifakara na taasisi za Basel, Uswisi. Wagonjwa wanaokubali hufuatiliwa kwa miaka mingi katika utafiti uitwao KIULARCO, unaohusu wilaya za Kilombero na Ulanga.

Vikwazo

Katika msimu wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye madungu, yaani vibanda vya mashambani, mbali na vituo vya afya. Kabla ya daraja la mto Kilombero kukamilika, waliotoka upande wa Ulanga walivuka kwa kivuko. Hivyo nauli na siku za kazi zinazopotea hubaki kuwa gharama hata dawa ikiwa bure. Kuwapa wagonjwa walio imara dawa za miezi kadhaa kwa mara moja hupunguza safari hizo.

Hali ya sasa

Tangu mwaka 2016 kila mtu anayegundulika kuwa na virusi nchini Tanzania anastahili kuanza dawa mara moja. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza bei ya chini ya dola 45 kwa mwaka kwa kidonge chenye dolutegravir.

Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha hutoka nje. Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI wa Tanzania ulianzishwa mwaka 2015 ili kuongeza fedha za ndani, na kusimamishwa kwa misaada ya Marekani Januari 2025 kulionyesha udhaifu wa utegemezi huo. Mgonjwa anayekatiza dawa huona virusi vikiongezeka tena mwilini, na virusi hivyo vinaweza kuwa sugu dhidi ya dawa alizokuwa akitumia.