Hariri ya Mawangdui: Safari ya Pumzi Hadi Ubongoni

Mwishoni mwa mwaka 1973, wataalamu wa mambo ya kale walikuwa wakifukua kaburi la tatu la Mawangdui, pembezoni mwa mji wa Changsha nchini China. Ndani yake walikuta kasha la mbao lililojaa maandishi yaliyoandikwa kwenye hariri. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Aliyelazwa humo anaaminika kuwa mtoto wa Li Cang, bwana mkubwa wa eneo lile, naye alikufa akiwa na umri wa miaka kama thelathini.

Kitambaa kimoja kilikuwa kimechakaa na kukatika vipande vipande. Kilipoungwa, wakajitokeza watu 44 waliochorwa kwa rangi, safu nne zenye watu kumi na mmoja kila moja. Wamo wanaume na wanawake, vijana na wazee, wengine vifua wazi, wengine wamevaa kanzu ndefu. Huyu ameinama, yule amenyoosha mikono juu, mwingine ameshika fimbo. Kando ya baadhi yao kuna maneno machache: zoezi hili ni la maumivu ya goti, lile la uziwi. Mengine yana majina ya wanyama kama dubu, korongo na nyani. Hakuna shujaa kati yao. Ni watu wa kawaida wanaotaka miili yao iwatii, na ndiyo maana mchoro huu unanigusa kuliko sanamu nyingi za wafalme.

Mazoezi hayo yaliitwa daoyin, yaani kuongoza na kuvuta: pumzi huongozwa, viungo huvutwa. Ubongo haukutajwa. Waganga wa China ya kale waliamini kwamba akili na roho hukaa moyoni, na ubongo wakauita bahari ya uboho. Nasi Waswahili, ambao huliweka jambo moyoni ili tusilisahau, hatuna sababu ya kuwashangaa.

Miaka karibu mia nne baadaye alitokea tabibu Hua Tuo, aliyeuawa kwa amri ya mtawala Cao Cao mnamo mwaka 208. Historia ya Falme Tatu inasimulia kwamba alimfundisha mwanafunzi wake Wu Pu michezo ya wanyama watano: chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Mwili aliufananisha na bawaba ya mlango, ambayo haiozi kwa sababu haikosi kugeuka. Wu Pu, kwa mujibu wa kitabu hicho, alivuka miaka tisini huku masikio, macho na meno yake vikiwa vizima.

Taichi, mazoezi ya mienendo ya polepole yanayoambatana na pumzi, ilikuja baadaye sana, tena kwa njia ya vita. Katika karne ya 17, mwanajeshi mstaafu Chen Wangting wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, anatajwa kuwa ndiye aliyeunganisha mapigano ya mikono na pumzi ya daoyin. Wenyeji waliutunza ujuzi huo ndani ya ukoo. Ulitoka nje kupitia Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799. Alijifunza kijijini hapo, kisha akaenda kuufundisha Beijing. Mwaka 1956 serikali ikatoa mfululizo mfupi wa mienendo 24 ambao mtu yeyote angeweza kujifunza, na bustani za miji zikajaa watu alfajiri.

Pumzi nayo ilikuwa na mtetezi wake. Liu Guizhen, ofisa kijana wa Chama cha Kikomunisti huko Hebei, alisumbuliwa na vidonda vya tumbo hadi mwaka 1947 akarudishwa kijijini akiwa hoi. Huko jamaa yake mzee alimfundisha kukaa kimya, kuvuta pumzi taratibu na kurudia maneno machache kimoyomoyo. Baada ya siku 102 alirudi kazini mzima. Wakubwa wake walivutiwa, mazoezi yakapewa jina jipya la qigong, na katika miaka ya 1950 yakafunguliwa makao ya tiba, mashuhuri zaidi yakiwa ya Beidaihe kando ya bahari. Katikati ya miaka ya 1960 upepo wa siasa uligeuka. Liu alishutumiwa kuwa anaeneza sumu, akafukuzwa, na makao yakafungwa. Jina lake lilikuja kusafishwa miaka mingi baadaye.

Je, ubongo uliingia lini? Katika zama zetu hizi tu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani na China walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Shanghai kwa wazee 120 wasio na ugonjwa wa kusahau. Waligawanywa makundi manne: taichi, kutembea, mazungumzo, na wale walioachwa na maisha yao ya kila siku. Baada ya wiki 40 ubongo wao ulipimwa kwa mashine ya picha. Waliocheza taichi walionekana kuongezeka ujazo wa ubongo. Waliokaa kuzungumza nao waliongezeka. Waliotembea hawakuonyesha tofauti hiyo. Makundi yalikuwa madogo na jaribio moja halitoshi kuthibitisha jambo, lakini matokeo ya wale wa mazungumzo yasipuuzwe.

Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya jaribio la wiki 24 lililofanyika Oregon, Marekani, kwa watu 195 wenye ugonjwa wa Parkinson. Waliofanya taichi mara mbili kwa wiki waliimarika zaidi katika kusimama bila kuyumba kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo au ya nguvu. Mwaka 2023 timu ya Oregon ilichapisha jaribio jingine la taichi kwa wazee wenye kumbukumbu iliyoanza kufifia. Baadhi yao walipewa kazi ya kichwa huku mwili ukienda, kwa mfano kutaja herufi za neno kuanzia mwisho. Hao ndio waliofanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili.

Kwa maoni yangu, siri haimo katika nguvu ya fumbo. Mcheza taichi hana budi kukumbuka mwendo unaofuata, kuhamisha uzito wa mwili bila kuanguka, na kutoa pumzi ndefu inayopunguza kasi ya moyo, yote kwa wakati mmoja. Mara nyingi hufanya hivyo akiwa na wenzake, na hilo Shanghai ilitudokeza.

Desemba 2020, UNESCO iliiingiza taichi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mazoezi haya hayaponyi ugonjwa wa kusahau, wala si mbadala wa dawa. Mwenye mzazi anayeanza kupotewa na majina ya watoto wake, ampeleke kwanza kwa daktari. Kisha amtafutie wazee wenzake wa kunyoosha nao mikono jioni, na wakimaliza asiwaharakishe kuondoka, awaache wakae wazungumze.