Mzuka

Mzuka, wingi mizuka, hutokana na kitenzi zuka: kutokea ghafla. Ni kiumbe kinachodhaniwa kutoka kwa wafu, na jina lenyewe halisemi kama ni wa kike au wa kiume. Filamu za kutisha za Japani zinazosimulia enzi za vita, hata hivyo, mara nyingi humpa mzuka sura ya mwanamke, na sababu yake ni nzito. Katika Ugetsu ya Kenji Mizoguchi (1953), iliyowekwa karne ya 16, Wakasa alikufa kabla ya kuonja mapenzi, akarudi kumtafuta mume. Katika Kuroneko ya Kaneto Shindo (1968), mama na mkwewe wanabakwa na kuuawa na samurai. Wanarudi kuwavuta samurai kwa urembo, kisha kuwanyonya damu. Tamaa iliyowaangamiza inageuzwa mtego. Neno hilo lina maana nyingine pia: vijana wa Tanzania husema “mzuka umepanda” wakimaanisha hamasa imewashika. Maana zote mbili ni sahihi, kila moja mahali pake. Kwa Wakasa, anayesukumwa na shauku isiyokufa, neno mzuka linafaa kuliko jini, kwa kuwa jini hakuwahi kuwa mwanadamu.