Vitabu vya Kale vya Kifaransa katika Ukanda wa Shaba

Miamba ya Katanga, sehemu ya Ukanda wa Shaba iliyo nchini Kongo, pamoja na ile ya eneo la Kolwezi, iliingia katika maandishi ya kisayansi ya Kifaransa kupitia msafara wa uchunguzi wa Bia na Francqui (1891–1893), ambao mwanajiolojia wake, Mbelgiji Jules Cornet, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1897 katika jarida la chama cha wanajiolojia cha Ubelgiji.

Maandishi ya namna hiyo mara nyingi huwafikia wakusanyaji wa vitabu yakiwa chapa ya pekee, yaani makala iliyotolewa jaridani na kupewa jalada lake la karatasi. Kwa kuwa wachapaji wengi wa Ufaransa na Ubelgiji waliuza vitabu bila jalada gumu, wakimwachia mnunuzi kazi ya kuvipeleka kwa fundi wa majalada, nakala mbili za toleo moja zaweza kutofautiana kabisa kwa sura. Ndiyo maana mworodheshaji wa vitabu hunakili ukurasa wa jina neno kwa neno, hutaja umbo la kitabu (oktavo, kwa mfano, ni karatasi kubwa iliyokunjwa mara 3 ikatoa majani 8), kisha huhesabu picha na ramani za kukunja, ambazo wauzaji wasio waangalifu huzichomoa na kuziuza peke yazo, uharibifu usiorekebishika.

Makala ya Askofu Jean-Félix de Hemptinne kuhusu wafua shaba wa Katanga, iliyotoka mwaka 1926, ni mfano mwingine wa maandishi ya Kifaransa kuhusu eneo hilo; inaeleza ufundi wa wenyeji wa kuyeyusha shaba uliotangulia viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière.