Mgonjwa kuzuiliwa hospitalini kwa ajili ya deni: sheria inasema nini, na kanisa lifanye nini

Jumapili moja mwaka uliopita, kabla ya matangazo, mwenyekiti wa wamama aliniletea kikaratasi. Mama mmoja wa kwaya alikuwa amejifungua mapacha kwa kupasuliwa. Daktari alikuwa amemruhusu kwenda nyumbani tangu Jumatano ya juma lililotangulia, lakini alikuwa bado amelala kwenye godoro chini, katika chumba cha nyuma cha hospitali moja ya mji wetu. Mlinzi wa mlango alikuwa na amri asimpitishe bila karatasi ya kutoka, na karatasi ile haitolewi mpaka fakture yote ilipwe. Tulikusanya sadaka ya pekee. Haikufika nusu.

Wapendwa, hakuna parokia ya Lubumbashi isiyojua habari ya namna hii, na ndugu wa Bukavu, Goma, Uvira au Bunia wanaijua vilevile. Tumeizoea mpaka tunaitangaza kati ya ndoa na mkutano wa maombi, kana kwamba ni ugonjwa mwingine tu. Lakini si ugonjwa. Ni mtu mzima wa mwili ambaye amefungwa bila hakimu.

Inavyofanyika

Kwa kawaida hakuna mnyororo wala kufuli. Mgonjwa aliyepona anaondolewa kwenye kitanda ili mwingine akipate, anapelekwa chumba kingine au barazani. Hospitali haimpi chakula, kwa sababu kwetu chakula huletwa na jamaa. Mahali pengine kila usiku anaolala unaongezwa juu ya fakture, hata deni linakua kwa sababu ya kuzuiliwa kwenyewe. Wengine wanaachiliwa kwa kuacha rehani: kadi ya uchaguzi, simu, televisheni, wakati mwingine cherehani. Akina mama waliojifungua ndio wengi, kwa sababu upasuaji wa uzazi huja ghafla na bei yake haifanani kabisa na ya kuzaa kwa kawaida.

Mwezi wa Agosti 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walitembelea hospitali na vituo vya afya zaidi ya 20 hapa Lubumbashi. Vyote isipokuwa kimoja vilikuwa na desturi ya kuwazuilia wasioweza kulipa. Wakubwa wa hospitali hawakuificha. Mwaka mmoja kabla, taasisi ya Chatham House ya London ilikuwa imetoa ripoti juu ya jambo hilohilo katika nchi nyingi, za Afrika hasa. Kwa hiyo si aibu ya Katanga peke yake, ingawa jina la mji wetu ndilo lililozunguka dunia.

Ilitoka wapi

Wazee wa hapa wanakumbuka wakati ambapo swali la fakture halikuwepo. Mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alitibiwa pamoja na mke na watoto wake katika hospitali ya kampuni bila kutoa kitu mlangoni. Unga ulitoka kwa kampuni, shule kwa kampuni, na materniti kwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Halafu mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, nchi ikaingia katika misukosuko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Katika mitaa yetu bado watu wanacheka kwa uchungu wakisikia neno hilo, hiari. Pamoja na mshahara, familia zile zilipoteza daktari wao.

Upande wa serikali nao ulikuwa umeshabadilika. Mwaka 1987, katika mkutano wa Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana kwamba wananchi wachangie gharama za dawa ili vituo visifungwe. Wazo lile lilikuwa na maana yake, na wengi wa waliolitetea walikuwa watu wa nia njema. Lakini kwetu mchango uligeuka kuwa karibu mapato yote. Muuguzi ambaye serikali haimlipi, au inamlipa kidogo mno, anagawana na wenzake kile kilichoingia kwenye kasha mwisho wa mwezi. Mgonjwa akitoka bila kulipa, ni watoto wa muuguzi wanaokosa bukari. Tusipoielewa sehemu hii, tutawahubiria wauguzi bure.

Sheria ya nchi yetu

Hapa sitatumia maneno ya kulegeza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inalinda uhuru wa kila mtu: hakuna awezaye kukamatwa wala kuzuiliwa ila kwa nguvu ya sheria na kwa njia ambazo sheria imeziweka. Mhasibu wa hospitali si hakimu. Kifungu cha 47 kinalinda haki ya afya.

Lakini kifungu ambacho wachungaji wachache wanakijua ni cha 61. Kinaorodhesha haki ambazo haziwezi kuwekwa kando kwa vyovyote, hata nchi ikiwa katika hali ya dharura. Humo, pamoja na haki ya kuishi na katazo la mateso na la utumwa, kuna katazo la kumfunga mtu kwa ajili ya deni. Na jambo linalofuata katika orodha hiyo ni uhuru wa dhamiri na wa dini. Ndugu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambao mikoa yao iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, wasome hapo kwa makini: hata jenerali hana ruhusa ya kufunga mtu kwa sababu ya deni. Basi daktari mkuu aipate wapi?

Nchi yetu pia imefungwa na Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na za Kisiasa tangu 1976, na kifungu cha 11 cha mapatano hayo kinasema jambo lilelile. Na kitabu cha sheria za makosa ya jinai, kifungu cha 67, kinaweka adhabu ya kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 5 kwa yule anayemzuilia mtu bila haki kwa nguvu, kwa hila au kwa vitisho.

Je, maana yake deni limefutwa? Hapana. Deni linabaki deni. Hospitali inaweza kuandikiana na mgonjwa alipe kidogo kidogo, inaweza kumtafuta mdhamini, inaweza kwenda mbele ya tribinali ya amani. Kitu isichoweza kukifanya ni kuuweka mwili wa mtu rehani.

Majirani zetu

Burundi walikuwa katika hali mbaya kama yetu. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch pamoja na shirika la Burundi la APRODH walitoa ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali zao. Mwaka uleule, mwezi wa Mei, Rais Nkurunziza alikuwa ametangaza kwamba kuzaa na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 vitakuwa bure. Akina mama walijaa hospitalini, hata dawa na wauguzi hawakutosha, kwa sababu tangazo lilitangulia matayarisho. Kwa wale wanaosema kwamba bure ni neno jepesi, huo ni mfano wao. Lakini mama hakuzuiliwa tena kwa sababu amezaa.

Kenya walipitia mahakamani. Tarehe 17 Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kukosa pesa. Alisema haki zao zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia, mmoja shilingi 1,500,000 na mwingine 500,000. Hata hivyo habari za kuzuiliwa hazikukoma Kenya baada ya hukumu ile. Hukumu haijazi kasha la hospitali.

Kwetu, mpango wa kuzaa bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, nao unapelekwa mikoani kwa hatua. Kila mchungaji aulize katika zone yake ya afya ni vituo gani vimeingia na ni huduma gani zinalipiwa, kwa sababu wamama wengi hawajui, na wengine wanalipishwa kitu ambacho kimeshalipwa.

Hospitali zetu wenyewe

Sehemu kubwa ya hospitali za vijijini katika nchi hii ni za makanisa. Mradi wa SANRU, ulioanza 1981 chini ya ECC kwa msaada wa Marekani, uliziimarisha zone za afya za vijijini kwa kutegemea hospitali hizo. Nyankunde kule Ituri, na Panzi ya Bukavu, ambayo Daktari Mukwege aliianzisha 1999 chini ya CEPAC, ni majina tunayojivunia. Kwa hiyo tukisema juu ya deni la mgonjwa, tunasema mezani kwetu. Kabla mchungaji hajaenda kumshitaki mkurugenzi wa hospitali ya serikali, aulize kwanza kama katika kituo cha kanisa lake kuna chumba cha nyuma.

Maandiko hayatuachi bila msaada. Mfano wa mtumwa asiyesamehe, katika Mathayo 18, mara nyingi tunauhubiri kama somo la moyo tu. Lakini kosa la yule mtumwa lilikuwa na umbo: alimtupa mwenzake kifungoni mpaka alipe, wakati mtu aliyefungwa hawezi kufanya kazi ya kulipa. Kumbukumbu la Torati 24 inakubali rehani, ila inakataza kuchukua jiwe la kusagia, kwa sababu ndilo uhai wa nyumba. Mama ambaye ameacha cherehani yake hospitalini ameacha jiwe lake la kusagia.

Na katika Luka 10 kuna mtu ambaye hatumhubiri kamwe: mwenye nyumba ya wageni. Yesu hakusema kwamba alifanya kazi bure. Alipokea dinari mbili, na Msamaria akajifunga kulipa kitakachozidi. Majeruhi hakubakizwa kuwa dhamana. Kulikuwa na mtu mwingine aliyesimama kuwa mdhamini. Nafikiri nafasi ya parokia iko hapo.

Tunavyoweza kufanya

Mtu akiwa amezuiliwa tayari, wasiende watu kumi kupiga kelele. Waende wawili, mmoja awe mama. Waombe fakture iliyoandikwa kitu kwa kitu, kwa sababu mara nyingi humo kuna usiku wa kuzuiliwa uliohesabiwa, na huo si halali kulipwa. Waombe kuonana na mtu wa huduma za jamii kama hospitali ni kubwa. Familia maskini kabisa inaweza kuomba hati ya umaskini kwenye komini. Halafu watoe maandishi: kiasi kinacholipwa leo, kinachobaki, siku za kulipa, na sahihi ya mdhamini. Hapo ndipo kifungu cha 61 kinatajwa, kwa sauti ya chini. Nimeona mkurugenzi mmoja akisoma kifungu hicho mara mbili na kuniuliza kama anaweza kubaki na nakala.

Ikishindikana kabisa, kuna mwanasheria na kuna parke. Lakini mjue kwamba hospitali iliyoshitakiwa inaweza kuanza kudai pesa zote kabla ya kumgusa mgonjwa, na mama anayetokwa damu mlangoni ni hatari kubwa kuliko mama aliyezuiliwa. Ndiyo maana kazi kubwa ni ya kabla.

Sheria ya Februari 2017 juu ya mutueli imetoa njia kwa vikundi vinavyotaka kuandikishwa rasmi. Sisi tulianza kwa udogo, kama likelemba. Kila mwenye mimba anaweka kitu kidogo kila juma tangu mwezi wa nne, parokia inaongeza sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi, na kikundi cha wamama kinashika daftari, si mchungaji. Tuliandikiana na kituo cha afya bei moja ya kuzaa, ya kawaida na ya upasuaji, ikijulikana mapema. Mwaka wa kwanza kasha liliisha mwezi wa Agosti. Wamama wawili wa mwisho tulilazimika kuwakopea kwa jina la kanisa, na baraza la wazee lilinung'unika, nami sikuwalaumu. Mwaka wa pili tulianza na deni hilo.

Juu ya maiti, neno fupi. Familia nyingi zinaambiwa mwili hautatoka mochwari mpaka deni lilipwe. Mwaka 1998, katika kesi dhidi ya hospitali ya Pandya ya Mombasa, mahakama ya Kenya ilikataa jambo hilo, ikisema mwili wa marehemu si mali ya kuwekwa rehani. Kwetu vikao vya matanga hukusanya pesa haraka kuliko vikao vya wagonjwa, na hospitali zinalijua.

Yule mama wa mapacha alitoka siku ya 12, baada ya kaka yake kuuza baiskeli na parokia kuweka sahihi ya udhamini. Kadi yake ya uchaguzi ilibaki kwenye dawati la mhasibu. Tulimaliza kulipa mwezi wa tatu, na mwenyekiti wa wamama alikwenda mwenyewe kuichukua.