Kuvua kwa mashua Mto Smith: kibali kwanza, kisha maji
MTO Smith, jimboni Montana, Marekani, una kilomita zipatazo 95 kati ya Camp Baker na Eden Bridge, na katikati hakuna mahali pa umma pa kutolea mashua. Ndiyo maana safari hii ya kuvua samaki aina ya trauti, ambayo kwa kawaida huchukua siku nne, hupangwa miezi kadhaa kabla. Vibali hutolewa kwa bahati nasibu. Kundi halipaswi kuzidi watu 15.

Kupata kibali, hata hivyo, si kupata maji. Mei na Juni theluji ya milimani huyeyuka na kuujaza mto. Ifikapo Julai, wakulima wakivuta maji ya kumwagilia mashamba, kina huweza kupungua hata mashua ikakwama maweni. Mashua yenyewe ni ya makasia, sakafu yake bapa na ncha zimeinuka. Mpiga makasia hutazama aendako, akivuta kinyume cha mkondo ili mvuvi apate wasaa wa kurusha ndoano. Kwenye maji haba hukwama upesi kuliko boti ya mpira iliyojazwa upepo. Basi mzigo na upunguzwe kulingana na kina cha wiki ile ya safari, ila vifaa vya kuhifadhi chakula kisifikiwe na dubu haviachwi: ni sharti la mto huo.