Simiti, Fotokopi na Kipande cha Ardhi Mwiki

Gurudumu la ubao wa skeiti ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Mengi yana kipenyo cha milimita 50 hadi 54. Kwenye lami mpya linaimba. Kwenye kabro linagonga kila kiungo mpaka meno yanatetemeka, na likikutana na kokoto moja ya murram, ubao unasimama na wewe unaendelea na safari. Mimi nimekulia Mwiki, upande wa Ruiru, pale ambapo mpaka wa Nairobi na Kiambu unapita katikati ya majirani wanaonunua sukuma kwa mama mmoja. Hiyo kokoto naijua kwa magoti. Watu wakijadili kwa nini skeiti ilichelewa kufika mitaa yetu, wanasema ni pesa, au wanasema ni mambo ya wazungu. Mimi naanzia chini, kwa kile tunachokanyaga.

Hata huko ilikozaliwa, hii michezo ilifuata simiti. Miaka ya 1950 vijana wa California walikuwa wanapigilia magurudumu ya viatu vya rola kwenye mbao. Magurudumu yalikuwa ya chuma, baadaye ya udongo mgumu, na yote mawili yalikuwa yanateleza vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya poliurethini yanayoshika chini. Katikati ya muongo huohuo ukame ukaikumba California, watu wakaacha mabwawa yao ya kuogelea bila maji, na vijana wakaruka ukuta kwenda kuyatumia. Kule Florida, Alan Gelfand akagundua namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mikono, kisha Rodney Mullen akaihamishia mbinu hiyo kwenye ardhi tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuanzia hapo hukuhitaji bwawa tena. Ulihitaji tu mahali palaponyooka.

Sasa nitafutie mahali palaponyooka Mwiki.

Sehemu kubwa ya mitaa ya upande huu wa jiji ilitokana na mashamba yaliyogawanywa, mengine na kampuni za kununua ardhi ambazo wazee wetu walichangia shilingi zao. Kila mtu alitaka hamsini kwa mia yake. Aliyeipata alijenga mpaka kwenye bikoni, na akipata pesa zaidi akaongeza orofa. Njia iliyobaki katikati ni ya mtaro, bodaboda na kamba za nguo. Na ile barabara ya Kasarani–Mwiki, mtu yeyote aliyepanda 17B anajua habari zake. Kuna mashimo tuliyokuwa tunayajua kwa majina.

Halafu ikaja Thika Superhighway. Ilianza kujengwa 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012, kilomita 50 hivi za lami kutoka jijini hadi Thika. Wengi waliandika kuhusu foleni na bei ya ploti. Hakuna aliyeandika kwamba kwa mtoto wa Mwiki, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona lami laini namna ile karibu na nyumbani. Shida ni kwamba ilijengwa kwa ajili ya gari. Tulipata madaraja ya miguu na barabara za kando, na asubuhi ya Jumapili tukajifanya ni zetu.

Wenye rola walitutangulia mbali sana. Aga Khan Walk, pale mjini, Jumapili ilijaa watu wa rola wakati ubao ulikuwa bado ni kitu cha kwenye video. Nadhani sababu ni ileile ya gurudumu: la rola mara nyingi ni kubwa, milimita 72 au 80, kwa hivyo linaimeza ile nyufa ambayo ubao unaishindwa. Ukitaka kuelewa mji unapenda mchezo gani, usiulize vijana kwanza. Angalia sakafu yake.

Uwanja ambao mimi huwaambia wenzangu wausome kama kitabu uko Uganda, Kitintale, kando ya barabara ya Port Bell jijini Kampala. Mwaka 2006 vijana wa pale, Jackson Mubiru akiwa kati ya walioongoza, walijenga uwanja wa skeiti wa kwanza Afrika Mashariki kwa mikono yao. Si uwanja wa kifahari. Uko katikati ya nyumba za watu, na anayepita kwenda dukani anapita kando yake. Hapo ndipo naona akili ya ule mradi: mzazi anamwona mtoto wake akianguka na kuinuka, na hakuna geti la kuomba ruhusa. Mpiga picha Mswisi, Yann Gross, alikwenda huko akapiga picha ambazo zilizunguka dunia na kuwa kitabu chenye jina la mtaa huo. Picha ni nzuri, siwezi kukataa. Lakini inaniuma kidogo kwamba mtu akitaka kujua Kitintale ilivyokuwa, kumbukumbu inayopatikana kwa urahisi ni ya mgeni aliyekuja na kamera.

Kenya tulianza kwa njia nyingine. Shangilia Mtoto wa Afrika, makao ya watoto yaliyoanzishwa 1994 na Anne Wanjugu, tayari yalikuwa yanajulikana kwa sarakasi na maigizo. Mwaka 2013 shirika la Ujerumani la skate-aid, lililoanzishwa na Titus Dittmann, lilisaidia kujenga uwanja wa skeiti hapo Kangemi. Simiti safi, mikunjo iliyopigwa mwiko na watu wanaojua kazi. Wengi wa kizazi changu walijifunza kushuka rampu pale. Ila ni ndani ya makao ya watoto, na inavyopaswa, kuna utaratibu wa kuingia. Kutoka Mwiki ni matatu mbili na kuvuka jiji zima. Nauli ya kwenda na kurudi inakula chapo za wiki. Addis Ababa nao walipata wao 2016, wakisaidiwa na Make Life Skate Life, na Accra wakafungua Freedom Skatepark mwishoni mwa 2021. Mwaka huohuo skeiti iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Tokyo. Kwa hivyo hoja ya kwamba huu si mchezo imeisha, ingawa kwetu bado tunaisikia.

Kuna upande wa pili wa historia hii ambao haujengwi kwa simiti. Kule Marekani, magazeti makubwa ya skeiti yalipokufa kwa sababu biashara ilikuwa imeanguka, vijana waliendelea kuandikiana. Garry Scott Davis alianza kutoa Skate Fate mwaka 1981 huko Ohio, karatasi zilizokatwa, kubandikwa na kutolewa fotokopi. Mwaka huohuo, Januari, Thrasher likaanza San Francisco. Machapisho ya namna hii wenyewe huyaita zine. Ukiliandika neno hilo kwa sauti ya Kiswahili linakuwa zini, na hapo mama yako atataka kujua unachapisha nini hasa. Sisi tunasema kijigazeti.

Na wala si jambo geni hapa. Mwaka 1982 kikundi cha siri cha December Twelve Movement kilitoa Pambana, na kwa miaka mingi ya utawala wa Moi karatasi ya aina hiyo mfukoni ingeweza kukufikisha jela. Baba za watu walizificha chini ya magunia ya mahindi. Baadaye, 2010, likaja Shujaaz, komiki ya bure ya Sheng iliyosafiri ndani ya gazeti, na watoto wengi wa mitaani walisoma kitu kilichozungumza kama wao kwa mara ya kwanza. Kijigazeti chetu ni mtoto wa hao wote wawili, bila hatari ya kwanza na bila pesa ya pili. Ni karatasi nne za A4 zilizokunjwa, kurasa 16, zinatolewa kwa saiba karibu na steji. Tunaandika nani alileta rampu ya kwanza ya plaiwudi na mvua ya mwezi gani iliioza, nani aliuza ubao wake alipopata kazi ya mjengo, na namna ya kubadilisha beringi bila kifaa cha dukani. Stori za Instagram hufutika kwa saa 24. Karatasi hukaa kwenye droo ya mtu.

Ninasisitiza hili la karatasi kwa sababu ya ardhi. Historia ya viwanja Kenya ni historia ya viwanja kuchukuliwa. Mwaka 1989 ilibidi Wangari Maathai asimame dhidi ya jengo la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilijaa ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria. Januari 2015 polisi waliwarushia gesi ya machozi wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road waliokuwa wanadai uwanja wao wa kuchezea. Kwa hivyo ukiona ploti tupu mtaani, usidhani imesahaulika. Kuna mtu anaihesabu.

Kwetu kuna kipande kimoja kilichowekwa wazi kwenye ramani. Upande mmoja takataka, upande mwingine watoto wanapiga mpira wa karatasi. Tulipopendekeza slabu hapo, mzee mmoja wa Nyumba Kumi alituuliza swali ambalo hakuna mtu wa mashirika angelifikiria.

"Vijana wangu, hiyo simiti yenu itakula mpira wa hawa wadogo?"

Tukanyamaza. Mwenzangu mmoja akajaribu kusema skeiti ni ya kila mtu, lakini mzee alikuwa anaangalia wale watoto, na wao walikuwa wengi kuliko sisi.

"Shikamoo ya maneno matupu sitaki," akasema. "Mna karatasi?"

Tulikuwa na kijigazeti. Alikisoma chote, akiwa amesimama, miwani ikiwa puani. Akauliza kwa nini hakuna jina hata moja la waliofyeka hicho kipande wakati mtaa unaanza. Alikuwa mmoja wao. Tulikaa naye jioni mbili akitutajia majina, na ya watu ambao tunawajua tu kama "babake nani".

Toleo la pili lina hayo majina ukurasa wa mbele. Katikati kuna mchoro: slabu ya mita 8 kwa 12 upande wa takataka, unene wa sentimita 10, na upande wa mpira ukiachwa ulivyo. Fundi mmoja wa mtaa alitupigia hesabu nyuma ya risiti: karibu mita 10 za zege, mifuko 60 na kitu ya simiti kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, BRC juu ya msingi uliosindiliwa, niru ya kumalizia, na mtu wa kumwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hiyo kazi ya maji wale watoto wa mpira wameshaidai. Nakala 30 za kwanza zimeisha, na mzee amechukua nne za kupeleka kwenye mkutano wa wadi.