Ozoni na Moshi wa Jikoni: Kipimo cha Mashine za Kusafishia Hewa Milimani Upare

Ozoni ni gesi ambayo molekuli yake ina atomu tatu za oksijeni. Katika anga ya juu, kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, huikinga dunia na mionzi hatari ya jua. Karibu na ardhi, ambako binadamu huivuta, ni sumu kwa mapafu. Atomu ya tatu hubanduka upesi na kushambulia kila inachokigusa. Kwa nguvu hiyo mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni mwaka 1906, na kwa nguvu hiyo hiyo mashine za ozoni huuzwa zikidaiwa kusafisha hewa ya nyumbani.

Dai hilo hupimwa vizuri zaidi penye moshi halisi. Katika vijiji vya milima ya Upare wilayani Same, Tanzania, kama Chome, Mbaga na Suji, baridi huwafanya watu wakae karibu na moto, na chakula hupikwa kwa kuni juu ya mafiga. Masizi yaliyoganda kwenye kenchi za jiko yanaonyesha kinachoingia pia vifuani mwa akina mama na watoto. Moshi huo una chembechembe ndogo mno, kaboni monoksaidi na mvuke wa kemikali nyingi. Ozoni haiziondoi chembechembe hewani, na katika joto la kawaida la chumba haiibadili kaboni monoksaidi kwa kiasi cha maana. Huathiri baadhi ya mvuke na harufu tu. Hata hapo, ikikutana na mvuke wa sabuni zenye harufu ya limau au msonobari, huzalisha fomaldehaidi na chembechembe mpya.

Upande wa usalama, Marekani imeweka kikomo cha sehemu 0.05 za ozoni kwa kila sehemu milioni za hewa kwa vifaa vya tiba vinavyotumika ndani, na jimbo la California hutumia kikomo hicho kwa visafishi vya hewa. Shirika la mazingira la nchi hiyo limebainisha kuwa ozoni isiyozidi viwango vya afya haina uwezo wa maana wa kuondoa uchafu wa hewa ya ndani. Ikiongezwa hadi iue vijidudu, huleta kikohozi, maumivu ya kifua na kuzidisha pumu. Hivyo, penye usalama haifanyi kazi, na penye kazi si salama. Mafundi huweza kuitumia kuondoa harufu katika chumba kisicho na mtu, kisha kukipitishia hewa kabla ya watu kurudi. Hilo ni jambo tofauti na kuwasha mashine mtoto akiwa amelala.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Tiba yake ni kuzuia moshi pale unapozaliwa: kuni zilizokauka, jiko banifu lenye bomba la moshi, madirisha yanayokabiliana, kisha gesi au umeme. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kaya ya Upare yenye fedha za kununua mashine ya ozoni itapata afya zaidi ikizielekeza kwenye jiko.